Mashine Tumenunua, Macho Tutayapata Wapi?

Iko bahasha moja ya kaki, kubwa kupita bahasha zote, ambayo wengi wetu tumewahi kuibeba, ama kwa ajili yetu wenyewe ama kwa ajili ya mzazi. Ndani yake mna picha ya eksirei. Unaikumbatia ndani ya basi isije ikakunjika, unafika nayo kwa daktari, naye anaichomoa, anaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, anaitazama kidogo, kisha anasema: "Naona kifua hiki hakiko sawasawa." Siku hizi bahasha hiyo imeanza kuadimika. Picha huja katika sahani ya CD, au huonekana moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Lakini swali lililokuwamo ndani ya bahasha halijabadilika, nalo ndilo ninalopenda tulizungumze juma hili: picha hiyo imesomwa na nani, na huyo aliyeisoma alifundishwa wapi na kwa namna gani?

Kwanza tuondoe utata mmoja. Watu wengi hudhani kwamba yule anayetuambia "vuta pumzi, ibane, usitikisike" ndiye anayesoma picha. Sivyo. Huyo ni mpiga picha, ambaye kitaaluma huitwa radiografa, na kazi yake ni kubwa, kwani picha mbaya haisomeki na bingwa yeyote. Msomaji ni mtu mwingine. Ni daktari kamili, aliyehitimu udaktari kama wenzake, akafanya kazi wodini, kisha akarudi darasani kwa miaka kadhaa kujifunza kusoma vivuli. Huyo ndiye daktari bingwa wa radiolojia. Mgonjwa anaweza kupona na kurudi kwao bila kumwona hata mara moja. Hata hivyo uamuzi wa kumpasua au kutompasua, kumwanzishia dawa au kumwacha, mara nyingi hutegemea mistari mitano au sita ambayo bingwa huyo ameiandika na kuitia saini.

Sasa, je, bingwa wa radiolojia hupatikanaje? Hapo ndipo utakapostaajabu, kwa sababu jibu hutegemea umesimama nchi gani.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba, 1895. Kabla ya mwaka mmoja kupita, hospitali za miji mikubwa ya dunia zilikuwa zimekwisha kuanza kuitumia. Siku zile hapakuwa na bingwa wala mtihani. Aliyeweza kuiwasha mashine ndiye aliyesoma picha. Ilichukua miongo mingi kabla ya watu kukubaliana kwamba kusoma picha ni taaluma inayojitegemea. Marekani iliunda bodi ya kuwatahini mabingwa hao mwaka 1934. Uingereza iliunda chama chao mwaka 1939, nacho kikawa Chuo cha Kifalme mwaka 1975. Kwa kuwa kila nchi ilichonga njia yake yenyewe, hata leo njia hizo hazifanani.

Tuanzie Marekani. Huko kijana husoma chuo kikuu miaka 4, shule ya udaktari miaka 4, mafunzo ya kazi mwaka 1, na radiolojia miaka 4. Jumla ni miaka 13 baada ya shule ya sekondari, na wengi huongeza mwaka mwingine mmoja kujikita katika kiungo kimoja, kama vile ubongo au matiti. Uingereza huchukua miaka 5 au 6 ya udaktari, miaka 2 ya kazi ya msingi, na miaka 5 ya radiolojia. Ujerumani ni miaka 6 na ushei ya udaktari, na 5 ya radiolojia. Hapa Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, daktari husoma miaka 5, hufanya kazi ya mafunzo mwaka 1, kisha husomea shahada ya uzamili ya radiolojia kwa miaka 3. Makerere nako, kule Kampala, ubingwa huu ni wa miaka 3. Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi huchukua miaka 4.

Mtu akizitazama tarakimu hizo haraka haraka atasema: basi bingwa wetu ni pungufu kwa mwaka mmoja au miwili. Mimi nasema tusikimbilie huko. Miaka ni kipimo kimojawapo tu, tena si kikubwa. Yako mambo matatu yanayotofautisha mafunzo haya kuliko idadi ya miaka: mwanafunzi anaona nini, anatahiniwa na nani, na nani anamlipa.

Tuchukue la kwanza. Kusoma picha ni kazi ya jicho lililokwisha kuona. Daktari aliyefunzwa Boston atakuwa ameona maelfu ya picha za matiti za wanawake wazima wa afya, kwa sababu huko wanawake hupimwa hata kabla ya kuugua. Lakini mletee picha ya uti wa mgongo uliopindishwa na kifua kikuu, au ya kibofu ambacho ukuta wake umejaa chokaa kwa sababu ya kichocho cha muda mrefu, naye huenda atalazimika kufungua kitabu. Mwenzake wa Mwanza au wa Zanzibar aliyekulia katika nchi ya kichocho ataitambua toka mlangoni. Vivyo hivyo, uvimbe wa maji utokanao na minyoo ya mbwa, ambao kule Turkana kaskazini mwa Kenya umekuwa mwingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, ni jambo ambalo wanafunzi wengi wa Ulaya hulisoma kwa maandishi tu.

Kwa upande mwingine, mwanafunzi wetu anaweza kumaliza miaka yake akiwa na ujuzi mwingi wa eksirei na ultrasaundi, lakini saa chache mbele ya mashine ya MRI. Mashine hiyo ni ghali, huharibika, na vipuri vyake husafiri kutoka mbali. Ikisimama miezi miwili, mwanafunzi amepoteza miezi miwili ya mafunzo, na hapana mtihani utakaomrudishia. Kwa hiyo tofauti si baina ya mabara tu. Hata ndani ya nchi moja, anayefunzwa penye mashine nzima na wagonjwa wengi hatoki sawa na anayefunzwa mahali ambapo chumba cha mashine kimefungwa.

Jambo la pili ni mtahini. Uingereza ina mtihani mmoja kwa nchi nzima, chini ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Radiolojia. Kuna sehemu ya fizikia na maumbile ya mwili, sehemu ya maandishi, na sehemu ya kusoma picha mbele ya watahini. Kwa miaka mingi sehemu mojawapo ilikuwa ni kupewa picha 30 na dakika 35, useme ipi ina tatizo na ipi haina. Anayejua hospitali ya usiku wa Jumamosi ataelewa kwa nini mtihani wa namna hiyo ulibuniwa.

Ujerumani haina mtihani mmoja wa taifa. Mamlaka yako mikononi mwa mabaraza ya madaktari ya majimbo. Majimbo ni 16, lakini mabaraza ni 17, kwa kuwa jimbo la North Rhine-Westphalia lina mawili. Mwanafunzi hujaza daftari la kazi alizofanya, akihesabu ni picha ngapi za aina gani amezisoma, na mwisho huketi mbele ya jopo la madaktari kwa mahojiano ya nusu saa hivi. Ni mifumo miwili tofauti kabisa, na nchi zote mbili zina mabingwa wanaoheshimika. Tena, chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005, ambalo linataka mafunzo ya radiolojia yasipungue miaka 4, bingwa wa Ujerumani anaweza kuhamia Uhispania au Ufaransa bila kuanza upya. Lakini bingwa huyohuyo akivuka bahari ya Atlantiki, Marekani haitamhesabu bingwa. Njia ambayo bodi ya huko imewawekea mabingwa waliofunzwa ng'ambo ni kufanya kazi na kujifunza miaka 4 mfululizo ndani ya taasisi moja, ndipo watahiniwe. Wa Muhimbili na wa Nairobi nao hupita hapohapo.

Na sisi Afrika Mashariki je? Kila chuo kikuu hutahini wanafunzi wake, na kwa desturi huita mtahini wa nje kutoka chuo kingine, mara nyingi cha nchi jirani. Ni desturi njema, iliyobaki tangu zama za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kati ya mwaka 1963 na 1970. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi kwamba nchi zetu zitatambuana vyeti vya taaluma, na mabaraza yetu ya madaktari yamekuwa yakikagua shule za udaktari kwa pamoja. Lakini mtihani mmoja wa ubingwa wa radiolojia, ambao daktari wa Kigoma na wa Kisumu wangeufanya siku moja, hatunao.

Afrika Kusini wanao. Huko madaktari wa vyuo vikuu vyote hufanya mtihani mmoja wa Vyuo vya Tiba vya Afrika Kusini. Afrika Magharibi nako, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Magharibi kina kitivo cha radiolojia kinachowatahini madaktari wa nchi kadhaa, na Nigeria ina chuo chake cha taifa cha ubingwa tangu mwaka 1979.

Sasa nifike kwenye jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Nani anamlipa anayejifunza?

Marekani, Uingereza, Ujerumani, Afrika Kusini na Nigeria, zenye tajiri na maskini ndani yake, zina jambo moja zinalofanana. Daktari anayesomea ubingwa ni mfanyakazi wa hospitali. Ana mkataba na ana mshahara. Hujifunza huku akifanya kazi, na kazi yake inahesabika. Sisemi kwamba mambo yote huko ni shwari. Nigeria madaktari hao wamegoma mara nyingi kwa sababu mishahara imechelewa. Lakini angalia wanachogomea: wanagomea mshahara, maana yake mshahara upo kwa haki.

Kwetu sisi, kwa sehemu kubwa, daktari huyo ni mwanafunzi. Analipa ada ya chuo kikuu au anatafuta wa kumlipia. Mchana yuko darasani na chumba cha eksirei, usiku yuko zamu. Aliyekwisha kuajiriwa na serikali na kupewa ruhusa ya masomo huendelea kupata mshahara wake. Asiye na ajira hujitegemea yeye na jamaa zake. Uganda, malalamiko ya madaktari wanaosomea ubingwa huku wakihudumia wodi bila malipo yamesikika kwa miaka mingi. Tanzania, katika miaka ya karibuni, serikali imeanzisha ufadhili wa masomo ya ubingwa uliopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan, na hiyo ni hatua ya kushukuru. Lakini ufadhili ni msaada unaoombwa, na si kila anayeomba hupata. Ajira ni jambo jingine.

Mtauliza, hayo yananihusu nini mimi ninayesubiri foleni na bahasha yangu? Yanakuhusu sana. Daktari mwenye umri wa miaka thelathini, mwenye mke au mume na watoto wawili, akitazama ubingwa gani asomee, hupiga hesabu. Akijua kwamba atakaa miaka mitatu bila kipato, ama hataenda, ama ataenda kisha atafute mahali pa kurudisha gharama zake. Mahali hapo si Katavi wala Lindi. Ni hospitali za binafsi za mjini, au ng'ambo. Na ng'ambo wanamsubiri: Uingereza, yenye maelfu ya mabingwa wa radiolojia, katika hesabu ya Chuo cha Kifalme ya mwaka 2023 ilijikuta na upungufu wa karibu 30 katika kila 100 wanaohitajika. Nchi yenye pengo la namna hiyo haiachi kutazama nje.

Sisi nasi pengo letu tunalijua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Miaka michache tu kabla ya sensa hiyo mabingwa wa radiolojia wa nchi nzima walihesabika kwa makumi, si kwa mamia, na wengi wao wako mijini.

Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilinunua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni jambo kubwa. Mgonjwa wa ajali ya pikipiki aliyeumia kichwa, ambaye zamani angesafirishwa usiku kucha, sasa anaweza kupigwa picha mkoani kwake. Lakini mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja. Jicho la kuisoma huchukua miaka tisa, hata ukihesabu kwa njia yetu fupi. Mashine bila bingwa ni jahazi jipya lisilo na nahodha, na bingwa bila mashine ni nahodha aliyekaa pwani.

Wako watakaosema kwamba dawa ni mtandao: picha ipigwe Sumbawanga, isomwe Dar es Salaam. Ni kweli, na jambo hilo linasaidia. Wako watakaosema kompyuta itasoma yenyewe. Hilo nalo si ndoto. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kuchuja picha za kifua za watu wa miaka 15 na zaidi, kutafuta dalili za kifua kikuu. Lakini huko ni kuchuja ugonjwa mmoja. Mtandao nao hauongezi macho. Unayagawa tu yaliyopo. Bingwa mmoja akitumiwa picha za mikoa mitano bado ni bingwa mmoja, na saa zake ni zilezile ishirini na nne.

Je, tunaweza? Tunao mfano wa nyumbani. Hadi miaka michache iliyopita Tanzania haikuwa na mafunzo ya radiolojia ya tiba, yaani ile ambayo bingwa hupitisha sindano au mpira mwembamba ndani ya mwili akiongozwa na picha, akatoa usaha, akazibua figo, au akachukua kipande cha uvimbe, bila kumpasua mtu. Mwaka 2019 Muhimbili ilianzisha mafunzo hayo, ya miaka 2, kwa mabingwa waliokwisha kuhitimu radiolojia. Walimu walitoka Marekani kwa zamu, timu baada ya timu, daktari pamoja na muuguzi na fundi wa picha, wakafundisha hapahapa, kwa wagonjwa wetu na vifaa vyetu. Wa kwanza walihitimu mwaka 2021. Hawakulazimika kwenda kuishi ughaibuni na kuzoea mashine ambazo nyumbani hazipo.

Mfano wa pili ni wa ndugu zao wa upasuaji. Mwaka 1999 nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika ziliunda chuo cha pamoja cha madaktari wa upasuaji, chenye makao yake Arusha. Chuo hicho hakina majumba ya mihadhara. Daktari hubaki katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, anafanya kazi chini ya bingwa, kisha wote, wa nchi zote, hufanya mtihani mmoja. Na wanabaki? Utafiti uliofanywa juu ya madaktari wa upasuaji waliohitimu katika eneo hili kati ya mwaka 1974 na 2013 ulikuta kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wakifanya kazi katika nchi zilezile walikosomea. Anayefunzwa nyumbani, kwa sehemu kubwa, hukaa nyumbani.

Maoni yangu, basi, ni haya. Tusigombanie kama ubingwa uwe wa miaka mitatu au minne. Tuweke mtihani mmoja wa Afrika Mashariki, ili cheti cha mmoja kiwe cheti cha wote. Anayejifunza apelekwe kwa zamu katika hospitali za mikoa zilizopata mashine, akiwa na bingwa wa kumsimamia, ajifunze huku akiwasomea wananchi picha zao. Na kwa kuwa anafanya kazi, alipwe kama mfanyakazi. Gharama ipo, sikatai. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nchi iliyoinama kununua mashine haiwezi kukataa kuinama mara ya pili kwa ajili ya mtu wa kuisoma.

Nawe msikilizaji, una kazi ndogo ya kufanya. Siku utakapopigwa picha, wewe au mzazi wako, usitosheke na picha. Uliza kwa adabu: "Daktari, ripoti ya picha hii iko wapi, na imeandikwa na nani?" Ripoti ni karatasi yenye maelezo, jina na saini. Ukiambiwa haipo kwa sababu hakuna wa kuiandika, usimkasirikie aliyekujibu, kwa kuwa huenda amekaa zamu tangu jana. Mkumbuke siku mbunge wako atakapokuja kuwaeleza habari za mashine mpya, nawe umuulize swali hilohilo.